Mawimbi ya Tsunami: Namna Yanavyozuka na Dalili za Kuyatambua

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Kayanga, Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya watumishi na wakaazi wa Visiwa.



Mtu anaweza kuuliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, mazungumzo juu ya mawimbi ya bahari yana kazi gani Kayanga. Mji huu umo katikati ya migomba na mibuni, juu ya vilima vilivyozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa mstari ulionyooka uko takriban kilomita 1,000 kutoka mji wa Zanzibar. Hakuna wimbi la Bahari ya Hindi litakalopanda hadi hapa. Hata hivyo suala hili linawahusu wakaazi wa Karagwe, na wenzao wa Kyerwa waliokuwa wilaya moja nao hadi mwaka 2012, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba wakaazi wa Kagera wanaijua nguvu inayozaa mawimbi hayo, kwani wameihisi chini ya miguu yao. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya mkoa huu ilitikisika kwa tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, katika kina cha takriban kilomita 40. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika, hasa Bukoba na wilaya za jirani. Majengo ya skuli kongwe ya Ihungo yaliharibika kiasi cha kulazimu kujengwa upya. Aliyekuwapo siku ile hahitaji kuelezwa maana ya tetemeko.

Njia ya pili ni ya watu wenyewe. Kila mwaka vijana wa vilima hivi huteremka kwenda kusoma, kufanya biashara au kuajiriwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Unguja. Watumishi nao huhamishwa. Mwalimu aliyezoea kuangalia mvua ikitokea upande wa Ziwa hujikuta amepangiwa skuli iliyo hatua chache kutoka mchangani, na siku ya mapumziko huenda ufukweni na watoto wake. Huyo anakwenda na elimu ya tetemeko aliyoipata Kagera. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kuwa elimu hiyo ni ya kweli lakini ni nusu, na kwamba mwenye kuichukulia kuwa nzima anaweza kuangamia nayo.

Neno tsunami limetoka katika lugha ya Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Wavuvi wa nchi ile walikuwa wakirudi kutoka bahari kuu bila ya kuona jambo lolote, wakakuta bandari yao imesombwa. Jina hilo limebeba sifa kubwa ya wimbi lenyewe: katika maji marefu halionekani, na likifika pwani huwa kubwa na la kutisha.

Mawimbi ya kawaida huletwa na upepo, nao husukuma maji ya juu tu. Mzamiaji akishuka chini kidogo hukuta bahari imetulia. Kujaa na kupwa huletwa na mvuto wa mwezi na jua. Tsunami haitokani na upepo wala mwezi. Hutokea pale sakafu ya bahari inaponyanyuka au kuzama ghafla, na kuyasukuma maji yote yaliyo juu yake, tangu chini hadi juu, kwa mara moja. Katika nyumba za Karagwe upo mfano ulio karibu. Mtumbwi wa mti ambamo ndizi mbivu hukamuliwa ukigongwa kwa nguvu kutoka chini, maji ya ndizi hayatingishiki pale ulipogongwa peke yake. Huinuka yote, yakaenda hadi mwisho wa mtumbwi, yakapanda ukingoni na kurudi. Atakayekuwa ameegemea ukingo ndiye atakayelowa, ingawa mgongo haukugusa upande wake.

Sakafu ya bahari hunyanyuka kwa sababu gamba la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea kwa sentimita chache kwa mwaka. Mahali pengine bamba moja huingia chini ya jingine. Hapo huwa yanashikana, na lile la juu huvutwa na kupindwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, mithili ya upinde. Siku yanapoachana, bamba la juu hufyatuka na kurudi katika hali yake, na bahari iliyo juu yake hufyatuka nalo.

Si kila tetemeko lifanyalo hivyo. Lile la Kagera lilikuwa chini ya nchi kavu, katika kina kikubwa, na ukubwa wake ulikuwa mdogo kwa jambo hili. Kwa kawaida tsunami kubwa hutokana na matetemeko ya ukubwa wa 7 na kuendelea, yasiyo na kina kirefu, yaliyo chini ya bahari, na ambayo mwendo wake ni wa juu na chini. Ikumbukwe kuwa katika kipimo cha matetemeko kila hatua moja kamili huongeza nguvu kwa takriban mara 32. Tetemeko la tarehe 26 Disemba 2004 katika pwani ya Sumatra, Indonesia, lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Nguvu yake ilizidi ile iliyobomoa nyumba za Bukoba kwa zaidi ya mara 60,000.

Yapo mawimbi ya aina hii yasiyotokana na tetemeko. Maporomoko ya ardhi chini ya bahari huweza kuyazusha, na milima ya volkano pia. Usiku wa tarehe 22 Disemba 2018 sehemu ya volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, iliporomoka baharini. Zaidi ya watu 400 walikufa katika pwani za jirani bila ya kutanguliwa na tetemeko la kuwaamsha. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2019 iligunduliwa volkano mpya chini ya bahari, takriban kilomita 50 mashariki ya kisiwa cha Mayotte. Jambo hilo halina maana kwamba maafa yako mlangoni. Lina maana kwamba sakafu ya bahari ya upande huu wa dunia nayo iko hai.

Yaliyotokea mwaka 2004 yanastahiki kuelezwa kwa urefu, kwani ndiyo yaliyoifikia Tanzania.

Tetemeko lilipiga saa 9 na dakika 58 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kuamkia Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Sehemu ya sakafu ya bahari iliyopasuka ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 au zaidi, yaani mrefu kuliko mstari ulionyooka kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam. Mji wa Banda Aceh ulipata nusu saa hivi, na pengine chini ya hapo, kabla ya kusombwa. Baada ya takriban saa 2 wimbi lilikuwa Sri Lanka na India. Likaendelea magharibi.

Mwendo wa wimbi hutegemea kina cha maji. Katika bahari yenye kina cha mita 4,000 huenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, sawa na ndege ya abiria. Kwa mwendo huo masafa ya kutoka Kayanga hadi Unguja yangekatwa kwa saa moja na nusu, safari ambayo kwa basi na boti humchukua msafiri zaidi ya siku nzima. Na kwa mwendo wote huo hakuna nahodha anayelihisi, kwa kuwa katika maji marefu kimo chake huwa kidogo na urefu wake kutoka mgongo hadi mgongo huwa mamia ya kilomita. Satelaiti zilizopita juu ya Bahari ya Hindi yapata saa 2 baada ya tetemeko lile zilipima kimo cha takriban sentimita 60 tu. Likikaribia maji mafupi, wimbi hupunguza mwendo. Katika kina cha mita 10 huenda kiasi cha kilomita 36 kwa saa. Sehemu ya mbele ikipunguza mwendo, ya nyuma huikuta, maji hujazana na kimo hupanda. Hata hapo, mwanadamu hawezi kushindana nalo kwa mbio akiwa mchangani.

Wimbi lilifika Somalia baada ya takriban saa 7, na huko watu wanaokaribia 300 walikufa, wengi wao katika rasi ya Hafun na vijiji vya jirani. Kenya alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa vijana waliokwenda kuogelea katika fukwe za Dar es Salaam siku ya sikukuu. Jumla ya waliokufa katika nchi zote inakaribia 230,000.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana na wenyeji wa Kagera. Vijana wale wa Dar es Salaam hawakuhisi tetemeko lolote. Ardhi ya Tanzania haikutikisika kiasi cha kuamsha mtu aliyelala. Umbali wa zaidi ya kilomita 6,000 ulimeza mtikisiko wote, lakini haukulimeza wimbi. Mtu aliyefundishwa kwamba tsunami hutanguliwa na kutetemeka kwa ardhi, akiwa amesimama ufukweni mchana ule, angesema kwa utulivu kabisa kwamba hakuna hatari. Hiyo ndiyo nusu ya elimu iliyotajwa mwanzo.

Kwa hiyo inafaa ieleweke kuwa kwa mwambao na visiwa vya Afrika Mashariki tsunami ni za namna mbili, na dalili zake hazifanani.

Ya kwanza ni ya karibu. Chanzo chake kiko jirani na pwani, na tetemeko lenyewe ndilo tangazo. Mtu aliye ufukweni akihisi mtikisiko mkali unaomfanya ashindwe kusimama, au mtikisiko unaoendelea kwa muda mrefu, tuseme nusu dakika na zaidi, asingoje redio, asingoje sheha, asirudi nyumbani kuchukua vyombo. Muda alio nao unaweza kuwa dakika 10 au chini ya hapo. Si jambo la kufikirika tu. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa 2, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki ya Dar es Salaam, likahisiwa mji mzima na hadi Unguja. Halikuleta wimbi la madhara, kwa kuwa ukubwa wake haukutosha. Lakini aliyekuwa mchangani wakati ule hakuwa na kipimo mkononi cha kumwambia kama ni 6 au 8, na kuondoka kulikuwa ndiyo jibu sahihi.

Ya pili ni ya mbali, nayo ndiyo iliyokuja mwaka 2004. Huzuka upande wa Sumatra, au katika pwani ya Makran, baina ya Pakistan na Iran, ambako tetemeko kubwa la Novemba 1945 lilizusha mawimbi yaliyopiga Pakistan, India na Oman. Hiyo haihisiwi. Hujulikana kwa tangazo, na tangazo likikosekana hujulikana kwa bahari yenyewe.

Bahari husema nini? Watu wengi wamekwisha kusikia kwamba maji hurudi nyuma ghafla na kuacha samaki wakirukaruka mchangani. Ni kweli, lakini si kweli daima. Mwaka 2004, katika pwani ya Thailand maji yalianza kwa kukauka, ilhali Sri Lanka wimbi la mwanzo lilikuja likiwa la kupanda. Sababu ni kwamba upande mmoja wa mpasuko sakafu ilizama na upande wa pili ilinyanyuka. Anayengoja kuona bahari ikikauka huenda akawa anangoja dalili ambayo siku hiyo haiji. Dalili ni maji kubadilika upesi kwa namna isiyo ya kawaida, yawe yanakauka au yanapanda. Mara nyingine hufuatana na mngurumo kama wa ndege kubwa, au mstari mweupe wa povu unaoonekana mbali kwenye upeo wa bahari.

Katika Visiwa kuna ugumu wa pekee, nao haujulikani na mtu wa bara. Maji ya Unguja na Pemba hupwa kila siku, na hupwa sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji makuu na madogo hufikia takriban mita 4. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani kwa mfano, bahari hurudi hadi karibu na mwamba, na kinamama huingia kwenye mashamba yao ya mwani na wengine kutafuta pweza. Mgeni kutoka Kayanga akiona hali hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kupiga kelele za hatari, na watu wakamcheka. Akishachekwa mara moja, mara ya pili atanyamaza hata kama kuna jambo.

Njia ya kupambanua ni saa na mwezi. Wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa hili, bali wageni na vijana waliolelewa mjini wanalihitaji. Maji huchukua zaidi ya saa 6 kutoka kujaa hadi kupwa, na huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku hizo Zanzibar maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yakapwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Basi maji yanayokauka kwa muda wa dakika chache si maji ya mwezi. Wala si ya mwezi maji yanayorudi nyuma katika saa ambayo yangepaswa kuwa yanajaa. Tarehe 26 Disemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Kwa hesabu hiyo, wimbi lilipofika mwambao wa Tanzania mchana ule, maji yalikuwa yamekwisha kupwa na ndiyo kwanza yanapanda. Ilikuwa bahati kwa nchi kavu, kwa sababu bahari haikuwa imejaa. Na aliyejua hesabu ya mwezi, akaona maji yanakwenda nje kwa nguvu katika saa ile, alikuwa na dalili kamili mbele ya macho yake.

Elimu ndogo ya namna hii imeokoa watu kwa maelfu. Katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la Sumatra, wenyeji walikuwa wakisimuliana habari za wimbi lililowaua wazee wao mwaka 1907, na walilipa jina lake wenyewe, smong. Walipohisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, walipanda vilimani bila ya kungoja amri. Katika watu wapatao 78,000 walikufa 7. Kwengineko, katika ufukwe mmoja wa Phuket, Thailand, mtoto wa kike wa miaka 10 kutoka Uingereza aliyaona maji yanavyotoka povu na kupanda, akakumbuka somo la jiografia alilolisoma wiki 2 kabla, akawasumbua wazazi wake mpaka ufukwe ukahamwa. Walimu wa Kayanga walitie hilo maanani. Somo la bahari lililosomeshwa darasani katikati ya migomba linaweza kutumika miaka mingi baadaye, mahali ambapo mwalimu mwenyewe hajawahi kufika.

Kuhusu watumishi wa Serikali, lipo jambo zito zaidi. Tangu tetemeko la Sumatra hadi wimbi kufika Tanzania zilipita saa 8 au 9. Asubuhi ile redio za kimataifa zilikuwa zimekwisha kutangaza habari za maafa ya Asia. Mkaazi wa Karagwe mwenye redio ya betri aliweza kujua kabla ya muogeleaji wa Dar es Salaam. Habari zilikuwapo, na saa za kutosha zilikuwapo. Kilichokosekana katika bahari nzima ni mfumo wa kuzichukua habari zile na kuzifikisha mchangani, siku ya Jumapili, kwa mtu aliyekuwa amevua viatu. Upande wa Kenya fukwe kadhaa ziliamriwa zihamwe kabla ya wimbi kufika, na hilo linahesabiwa kuwa miongoni mwa sababu za kufa mtu mmoja tu.

Baada ya maafa hayo nchi za Bahari ya Hindi, chini ya uratibu wa UNESCO, zilianzisha mfumo wa tahadhari mwaka 2005, na tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyotoa taarifa kwa nchi nyengine. Kwa Tanzania taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa Visiwa, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar ndiyo yenye dhamana ya uratibu wa maafa. Mfumo ulipata mtihani tarehe 11 Aprili 2012, pale tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilipotokea tena upande wa Sumatra. Tahadhari ilitolewa katika nchi za Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo. Wimbi lililofuata lilikuwa dogo, kwani safari hii mabamba yalisuguana ubavu kwa ubavu, na sakafu haikunyanyuka sana. Walikuwapo walioondoka pwani kisha wakanung'unika kwamba wamesumbuliwa bure. Manung'uniko hayo hayafai kusikilizwa. Saa za mwanzo hakuna kituo kinachoweza kujua kwa yakini wimbi litakuwa la kimo gani, na ofisa atakayengoja yakini atakuwa ameitumia saa ambayo si yake.

Mashine za kupima na satelaiti zinaifikisha habari hadi ofisini. Kutoka ofisini hadi mchangani ni kazi ya watu. Ni sheha na mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, msimamizi wa diko, askari wa zamu, imamu mwenye kipaza sauti msikitini, na mwenye redio ya jamii. Kila mmoja wao anatakiwa ajue mapema, siku ya amani, nani atampigia simu na yeye atampigia nani, na nani atashika nafasi yake akiwa safarini au likizo. Maafa hayachagui saa za kazi. Aidha, orodha ya simu iliyofungiwa kabatini mwa ofisi Jumapili haina tofauti na orodha isiyokuwapo.

Watu wanapoondoka, waelekee mahali pa juu au ndani ya nchi, mbali na fukwe, mito na vijito vya mikoko, kwa kuwa maji hupanda kupitia humo. Sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Unguja ni tambarare, na penye shida ya kilima, ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege inafaa. Wenye vyombo vilivyo katika maji marefu wabaki huko huko, wasikimbilie bandarini, kwani bandarini ndiko wimbi linakokua. Mikoko na matumbawe hupunguza nguvu ya maji, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukatazwa kuiharibu. Lakini mtu asijifiche nyuma ya mikoko akidhani yuko salama.

Wimbi la kwanza likishapita, hatari haijaisha. Tsunami huja kwa mfululizo, na baina ya wimbi na wimbi huweza kupita dakika 10 au hata saa nzima. La pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi. Miongoni mwa waliokufa Asia wamo walioshuka baada ya la kwanza kwenda kutafuta jamaa, kuokota samaki au kutazama.

Wakaazi wa Kagera huuliza pia kuhusu Ziwa Victoria, na swali hilo halistahiki kupuuzwa. Ziwa hilo ni kubwa lakini ni jepesi wa kina. Mahali palipo parefu kabisa hapazidi sana mita 80, wala chini yake hapana mabamba yanayoingiliana kama ya Sumatra. Tsunami ya namna ya 2004 haitarajiwi humo. Maziwa ya Bonde la Ufa yana hali nyengine. Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400 na kingo za miinuko mikali, na tarehe 5 Disemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la ziwa hilo. Mtikisiko, au poromoko la mlima kuingia majini, huweza kuyafanya maji ya ziwa lolote yayumbe kutoka ukingo hadi ukingo, kama yale maji ya ndizi mtumbwini. Kwa mvuvi wa Bukoba, wa Muleba au wa Kigoma, kanuni ni hiyo hiyo ya pwani: ardhi ikitikisika kwa nguvu, aondoke ukingoni kwa muda, apande juu.

Ibaki kutajwa kuwa hakuna mtaalamu, chombo wala mnajimu anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko litakalokuja. Ujumbe wa simu unaodai hivyo usisambazwe. Mwananchi aliyekwisha kuondoka pwani asirejee mpaka atakapopata taarifa rasmi ya kuwa hali ni salama, itakayotolewa kwa redio na televisheni na kupitia ofisi za shehia. Watumishi wanaohamishiwa Visiwani na miji ya mwambao wanaombwa, katika wiki yao ya kwanza kazini, wamuulize sheha au mtendaji wa mahali wanapoishi njia ya kupandia sehemu ya juu, na waipite kwa miguu pamoja na watoto wao angalau mara moja.